Mwaka wa kwanza mnaopanga Mabatini, ule mtaro si jalala

Juzi mvua imeshika, napita Mabatini, hapa Mwanza, nakuta vijana watatu wa mwaka wa kwanza, vitambulisho vya chuo bado shingoni, wanamimina ndoo ya taka mtaroni. Mmoja akaniamkia, "Shikamoo kaka," na kwa adabu kabisa akaendelea kugonga kitako cha ndoo ili maganda ya ndizi yatoke yote. Nikaitikia marahaba, nikasimama palepale. Wadogo zangu, hili tulilifanya sisi, wakalifanya walionitangulia, na sasa mmelipokea nyinyi kama urithi. Hebu tuongee.

1. Kikapu kikae kwenye begi la chuo, siyo nyuma ya mlango wa geto. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini bado naona mnabebeshwa nyanya kwenye vile vifungashio laini vinavyoonyesha ndani, navyo mwisho wake ni mtaroni vilevile.

2. Mtaro. Hapa nitakaa.

Mwaka wangu wa pili tulikuwa wanne kwenye chumba kimoja, juu kidogo kwenye mawe. Ada ya taka ilikuwa inakusanywa kila mwezi, na kila mwezi tulikuwa na sababu: bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, halijatoka, au limetoka na limeisha. Kwa hiyo taka tulizishindilia kwenye salfeti, tukasubiri mvua. Mvua ikichanganya, mmoja wetu anatoka na salfeti, anaitupa mtaroni, anarudi kulala. Asubuhi mtaro mweupe. Tuliona tumemaliza kazi.

Usiku mmoja wa Novemba zamu ilikuwa yangu. Saa nane nikasikia watu wanapiga kelele bondeni. Nikashuka na wenzangu. Mtaro ulikuwa umeziba kwenye kalavati, maji yamerudi nyuma na kuingia kwa mama wa maandazi, yule tuliyekuwa tunamkopa kila asubuhi. Mifuko yake miwili ya unga wa ngano ilikuwa imelala majini, na ulipoichana ulikuta unga umeshakuwa uji. Watoto walikuwa wamepandishwa mezani.

Akanipa tochi. "Mwanangu, nimulikie hapa." Yeye na kijana wake wakaingia mpaka magotini, wakaanza kuvuta. Zikatoka chupa, kandambili, pampasi, kisha ikaja salfeti nzito iliyokwama mdomoni mwa kalavati. Walipoigeuza nikaiona. Ilikuwa salfeti ya mchele aliyonitumia mama kwa basi kutoka Kahama, na kwa makapeni nyeusi, kwa mwandiko wa mama yangu mwenyewe, ilikuwa na jina langu lote na namba yangu ya simu, kama tunavyoandika mizigo ili isipotee stendi. Tochi niliishika mimi. Niliyeangaza jina lile ni mimi.

Mama wa maandazi alisoma. Akaniangalia kidogo, akasema, "Shika upande huu tuvute." Nikashika. Maji yakafunguka.

Siku ya tatu nilimpelekea hela ya mfuko mmoja wa unga. Akaipokea, akaendelea kukanda, kisha akaniuliza bila kupandisha sauti: "Sasa mlikuwa mnadhani zinakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nasoma chuo, mtihani wa mazingira nimefaulu, na swali lile sikuwa nimewahi kujiuliza.

Jibu lake ni fupi. Mtaro unaingia Mto Mirongo, Mirongo unakatiza mjini na kumwaga Ziwa Victoria. Na maji ya bomba ya jiji hili yanavutwa ziwa hilohilo, pale Capri Point na Butimba. Yanasafishwa, ndiyo. Lakini mvuvi anayetupa nyavu ghuba ya Mwanza hasafishiwi chochote. Anavuta na chupa zako humohumo.

Kwa hiyo ada ya taka ikatwe siku bumu linapoingia, kabla ya viatu. Maganda na mabaki ya ugali tafutieni mwenye nguruwe au bustani. Salfeti itakuwa nyepesi hata kuibeba.

3. Maharage yalowekwe usiku, sufuria ifunikwe, na mpike pamoja. Geto la watu wanne lenye majiko manne ya mkaa linachoma msitu wa watu bure.

4. Handauti ichapwe pande mbili. Mwambieni CR, kiongozi wa darasa lenu, siyo mimi.

5. Samaki. Najua sangara mdogo anauzwa bei ya mwanafunzi, na najua tarehe 20 mfuko unakuwaje. Lakini sangara halali anaanzia sentimita 50, na sato sentimita 25. Yule anayeenea kiganjani hajazaa hata mara moja, na aliyemvua huenda ametumia kokoro, ule wavu wa kukokota uliopigwa marufuku. Hela ikiwa ndogo kula dagaa. Wanazaliana haraka na wana lishe.

Yule mama bado yupo, maandazi yake ni yaleyale. Jumamosi hii saa moja asubuhi tunazibua lile kalavati kabla mvua hazijakolea. Koleo ninazo mbili. Nyinyi watatu wa juzi, njooni na mabuti.