Kwa nini leza, na si picha za setilaiti tu?

Ndugu, umeuliza kwa nini Tuvalu, nchi ya visiwa vya Pasifiki, walipimwa kwa ndege yenye leza mwaka 2019 wakati picha za setilaiti zipo bwerere. Shida ya picha ni kwamba inakuonyesha maji yalipokuwa saa ile tu. Ufukwe ukiwa na mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50, maji yakipwa mita 1 ukingo wa maji unasogea mita 50 kuelekea baharini bila hata punje moja ya mchanga kusogea.

Leza inapima kimo cha ardhi. Unachagua kimo kimoja, tuseme wastani wa maji kujaa, unachora mstari wa pwani hapo, na vipimo vya mwaka mwingine unavikata kwenye kimo hichohicho. Mwale wa leza wa kijani hupenya hadi chini ya maji pia, ila yakiwa na tope, sahau.

Lakini kosa la kimo la sentimita 15 tu, kwenye mteremko ule, ni mita 7.5 za pwani. Kwa hiyo mtu akikuambia ufukwe umelika mita 3, muulize kwanza mteremko.

Mabadiliko ya miaka mingi bado yanategemea picha. Mtafiti Kench na wenzake (2018) walilinganisha picha za 1971 hadi 2014 wakakuta nchi kavu ya Tuvalu imeongezeka 2.9%. Hilo ni eneo. Kuhusu kimo, picha hizo hazisemi kitu, na ndicho kilichofuatwa kwa leza.