Msimfungie chumbani

Dada, pole sana. Umeuliza kama mumfungie mdogo wako chumbani wiki mbili ili aache unga, yaani heroini. Nakusihi, msifanye hivyo. Arosto ya heroini, yaani kutapika, kuhara, mwili kuuma na kukosa usingizi, huanza saa chache baada ya kete (kipimo kimoja cha unga) ya mwisho, na makali yake mara nyingi hupungua ndani ya wiki moja. Hatari kubwa inakuja baadaye: mwili uliokaa bila unga hauhimili tena kiwango cha zamani, na akirudia kete ileile aliyoizoea, pumzi inaweza kukatika. Wengi hufa hivyo, wametoka tu jela, na familia ilishaamini wamepona.

Mpelekeni kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza 2011, na sasa huduma ipo mikoa kadhaa, bila malipo. Anakunywa dawa mbele ya mhudumu, arosto inatulia, sindano haina kazi tena. Apimwe pia VVU na homa ya ini. Asichanganye methadoni na pombe wala valiamu. Na nyumbani, tafadhali, asiitwe teja. Siku mkimkuta hazinduki, anakoroma, midomo imebadilika rangi, mlazeni ubavu na kumkimbiza hospitali.