Mshale mwepesi ndio unaovunja upinde

Anayeanza kujifunza upinde huuliza mshale upi unakwenda mbali. Nami nilianza hivyo hivyo. Nilikata matete bondeni, nikayatia vichwa vya bati, na kwa siku tatu hapa Wete nikajiona fundi. Siku ya nne upinde wangu wa mti ukalia ta! Mkono wake wa juu ukapasuka. Nikaulaumu mti, kumbe kosa ni la mishale.

Ukitupa jiwe kwa nguvu zako zote, bega halikuumi. Tupa kikonyo cha karafuu kwa nguvu zile zile, utajuta usiku. Upinde nao ni hivyo: nguvu ulizouvutia lazima ziende mahali. Mshale wenye uzito wake huondoka nazo. Mwepesi huziacha nyingi kwenye mikono ya upinde na upote, yaani kamba yake. Kuachia upote bila mshale kabisa ndiyo balaa yenyewe, msijaribu hata kwa mzaha.

Uzito wa mshale huandikwa kwa greini, na gramu moja ni greini 15.4. Kwa upinde wa kapi (ndiyo, kapi kama za jahazi) kima cha chini kinachotumika sana ni greini 5 kwa kila ratili ya mvuto, yaani ya nguvu ya kuuvuta. Upinde usio na kapi huhitaji zaidi, 8 hadi 10. Mimi sihangaiki na greini: wa kapi naupa theluthi ya gramu kwa ratili, wa mti nusu gramu na ziada kidogo. Aliyeutengeneza akitaja zaidi ya hapo, mfuateni yeye.

Lakini ratili zipi? Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Upinde wangu wa pili, nao hauna kapi, umeandikwa 45, na namba hiyo hupimwa ukivutwa inchi 28. Mimi mikono mirefu, nafika 30. Nikaazima mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki, nikauvuta mpaka pale ninapoufikisha kila siku: kilo 22 na nusu, karibu ratili 50. Basi mshale wangu usipungue gramu 26. Nilipoupeleka kwa sonara Chake Chake, alicheka kwanza, kisha akaupima: gramu 19. Na hapo nilikuwa nikijisifu kwa kasi yake!

Pimeni mshale mzima, pamoja na kichwa na manyoya, na pimeni mmoja mmoja. Msiukate uwe mfupi ili upungue uzito. Ukivutwa ukapita nyuma ya mkono ulioshika upinde, utachoma mkono huo. Mshale mzito hauudhuru upinde, huanguka mapema tu. Ugumu wa wano, ule ufito wa mshale, ni hesabu nyingine: mishale miwili ya uzito mmoja yaweza kupinda tofauti kabisa, mmoja ukaenda sawa na mwenzake ukapiga kando.

Na kabla hamjaniuliza habari za kuwinda paa nunga: huyo analindwa na sheria. Kwangu tunalenga magunia ya makumbi.

Mishale ya kaboni ipindeni kidogo kwa mikono kabla ya kila mpigo, mkisikiliza. Ukilia hata kidogo, vunjeni kabisa mtupe, asije mtoto akauokota.