Barua kwa mwanangu: Dirisha la Februari

Tanga, Februari 9

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, ambako kaskazi bado inavuma na kila mtu anaulizia masika. Katika ujumbe wako wa juzi uliniuliza nilijuaje, enzi zangu za uanafunzi huko Leipzig, Ujerumani, kwamba baridi inakaribia kwisha, ilhali wewe ukitazama dirishani huoni ila kijivu juu ya kijivu; ukaongeza, kwa utani wako niuzoeao, kwamba pengine nilikuwa najifariji tu. Kujifariji nilijifariji, sikatai, lakini ushahidi nilikuwa nao.

Sisi tuliolelewa pwani tukifika huko husubiri joto, na joto ndilo huja mwisho. Mwanga hutangulia. Kwetu mchana wa Desemba na wa Juni hautofautiani hata kwa saa nzima, kwa hiyo hatukujifunza kuupima. Huko uliko, tarehe 21 Desemba jua lilichomoza saa mbili asubuhi imeshapita na kuzama mnamo saa kumi jioni. Mchana ulikuwa haufiki saa nane kamili. Hadi kufikia leo umekwisha kuongezeka kwa zaidi ya saa moja na nusu, ingawa theluji ingali palepale na wewe bado unavaa soksi mbili mbili.

Kalenda yangu ilikuwa chungu cha maua. Majira yangu ya baridi ya kwanza, mwaka 1984, bibi mmoja aliyekuwa akisafisha bweni letu alinipa jani moja lililofungwa katika gazeti bichi, akaniagiza nitumbukize kikonyo chake katika glasi ya maji na kuliacha. Baada ya wiki kadhaa likatoa mizizi kama nyuzi nyeupe za kushonea. Nilipomwuliza jina la mmea huo, akasema Usambaraveilchen, nami nikamrudisha mara tatu alitamke tena, kwa kuwa mimi ni mtu wa Muheza, nimekua nikiitazama milima hiyo ya Usambara kila asubuhi, na ua lenyewe sikuwahi kulitupia jicho. Kumbe mtawala wa Kijerumani wa huku kwetu, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyempelekea baba yake ua hilo Ujerumani mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Msituni hujishikiza kwenye miamba yenye unyevu na kivuli. Nilipanda ndege kwenda Ulaya kuonyeshwa ua la kwetu.

La kwanza nililiua mwenyewe. Usiku mmoja wa barafu nililisahau kati ya pazia na kioo, na asubuhi majani yake yalikuwa meusi na teketeke kama mchicha uliopitiliza motoni. La pili liliishi nami miaka yote iliyobaki, na hilo ndilo lililonifundisha. Mwezi wa Desemba vikonyo vyake vilirefuka na kuinamia kioo, wala halikutoa jani jipya. Mwezi wa Februari, nikipekua katikati kwa ncha ya kidole, nilikuta jani changa lisilozidi ukucha, jeupe-jeupe, lenye vinyweleo kama shavu la mtoto. Siku chache baadaye, kwenye kwapa la jani jingine, kitumba kimeinamisha kichwa. Sasa fikiri: hita ya chumba ilikuwa na joto lilelile tangu Novemba, na maji niliyatoa bomba lilelile. Kilichobadilika ni mwanga peke yake. Kwa hiyo ua lile halikuwa likinifariji, lilikuwa likitoa taarifa.

Nje ya dirisha nilichagua mti mmoja na kuutazama kila siku kabla ya chai. Ulikuwa mhazeli uliosimama karibu na mapipa ya taka, haukuwa na uzuri wowote. Vishada vyake vilivyokuwa vimekakamaa tangu vuli huanza kulegea, hurefuka, hugeuka manjano, na upepo ukipita hutimua vumbi, na haya yote hutokea matawi yakiwa bado hayana hata jani. Idara ya hali ya hewa ya Ujerumani huyagawa majira ya kuchipua mara tatu: ya kwanza huhesabiwa mhazeli unapochanua, ya pili forsithia, kichaka cha maua ya manjano, ya tatu mtofaa. Nilipolijua jambo hili nilifurahi sana, maana tarehe 20 Machi ya kwenye kalenda haikuwahi kuniridhisha. Tena sikiliza kabla hakujapambazuka, kuna ndege mweusi mwenye mdomo wa manjano, wao humwita Amsel, ambaye huanza kuimba juu ya paa mwishoni mwa mwezi huu, kwa sauti usiyotarajia katika baridi ile.

Chumba chako kinatazama uani, najua, na huenda mti hakuna. Nenda basi dukani ukanunue ua letu, si ghali. Liweke kwenye kizingiti cha dirisha mchana, lakini usiku liondoe kiooni. Maji yawe vuguvugu, uyamimine kwenye kisahani na si juu ya majani, kwani maji baridi huyaachia madoa. Kisha unipigie picha ya katikati yake, kwa karibu, nami nitakuambia nionacho.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako