Mtoto wa miaka 16 na trei ya bia: soma kabla hujaweka saini

Wiki mbili zilizopita wifi yangu alinitumia picha ya karatasi. Juu kulikuwa na jina la binti yake, mtoto wa kaka yangu, na chini nafasi mbili za saini: ya mzazi na ya mwajiri. Mkahawa anakobeba sahani mwishoni mwa wiki sasa unataka apeleke na vinywaji mezani, bia na mvinyo vikiwemo. Ana miaka 16. "Wewe shangazi yake ndiye unayeijua kazi hii," wifi aliandika. "Niweke saini?"

Kazi hii nimeifanya miaka 11. Nilianza uhudumu nikiwa na miaka 18, nikamalizia nikiwa msimamizi wa zamu ya usiku. Siku ile sikumjibu. Nilimjibu siku ya tatu, na haya ninayoandika ni jibu lile lile, nimelirefusha kwa ajili ya wazazi wengine watakaoletewa karatasi ya namna hiyo.

Chanzo cha karatasi hizi kinajulikana. Baada ya Uviko-19 mikahawa mingi ilifungua tena milango ikakuta wahudumu wake wamekwenda kutafuta riziki kwingine, na wenye biashara wakaanza kuwaomba watunga sheria washushe umri. Mfano unaotajwa sana ni Marekani. Kule sheria ya nchi nzima ya mwaka 1984 ilisukuma umri wa kununua pombe ufike miaka 21, lakini umri wa kuihudumia kila jimbo hujipangia lenyewe. Michigan ilishusha kutoka 18 hadi 17 mwaka 2022. Mwaka 2023 Iowa ikawaruhusu wenye miaka 16 na 17 kuhudumia pombe kwenye mikahawa. Mwaka huohuo katika jimbo la Wisconsin uliletwa muswada wa kushusha hadi miaka 14. Haukuwa sheria, ila wapo watu wazima waliokaa chini wakauandika, na hilo linanisumbua mpaka leo.

Wanaotaka umri ushushwe husema hivi: kama kijana anaaminiwa kubeba bakuli la supu ya moto katikati ya watu, atashindwaje kubeba glasi ya bia? Ingekuwa ni kubeba tu, ningekubaliana nao. Nimeona vijana wa miaka 16 wanaobeba trei vizuri kuliko mimi. Lakini yeyote aliyewahi kuhudumia pombe anajua kwamba ugumu wa kazi hii huja pale mteja anapoomba glasi nyingine na wewe unatakiwa umwambie hapana.

Nilikuwa na miezi mitano kazini. Mteja mmoja wa kudumu, umri wa baba yangu, anayelipa vizuri na kuacha bakshishi nono, aliagiza pombe kali ya sita. Alikuwa amenisimulia kisa kimoja mara tatu bila kujua kwamba anarudia. Macho yalishalegea. Mimi nilikuwa nimefundishwa kukunja leso za mezani, kufungua mvinyo bila kuvunja kizibo, kusimama upande gani wa mteja. Kumkatalia mtu hakuna aliyenifundisha. Nikaenda kwa meneja nikamweleza. Akaniambia, "Mpe, usimuudhi." Nikampa. Akanywa, akalipa, akachukua funguo za gari mezani mbele ya macho yangu, na nje ya geti akagonga pikipiki iliyokuwa imeegeshwa. Mwenye pikipiki alikuwa ndani anakula. Angekuwa amemaliza chakula dakika kumi mapema, angekuwa ameikalia.

Kisheria nilikuwa mtu mzima usiku ule. Nilijua kabisa kwamba mteja amelewa, tena nilikwenda kuomba msaada. Na bado glasi ilitoka mkononi mwangu. Kijana aliyelelewa kuwaheshimu wakubwa, anayemwogopa bosi, anayehitaji bakshishi ili apate nauli na daftari, atamwambiaje mtu wa umri wa baba yake, "Mzee, leo imetosha"? Hapo ndipo hoja ya supu ya moto inapoanguka.

Zaidi ya ujasiri, kuna ujuzi. Ini la mtu mzima huondoa takriban kipimo kimoja cha kawaida cha pombe kwa saa. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala maji baridi ya kunawa uso. Chakula kikiwa tumboni pombe huingia kwenye damu polepole, lakini iliyokwisha kuingia haiondoki kwa sababu mtu amekula. Tena kiwango chake kwenye damu huweza kuendelea kupanda kwa muda baada ya glasi ya mwisho, ndiyo maana mteja aliyeonekana mzima wakati wa kulipa bili huanza kuyumba akifika mlangoni. Mhudumu asiyejua haya husubiri mpaka mtu apepesuke ndipo ashtuke, na hapo amechelewa kwa glasi mbili. Mimi nilijifunza kuhesabu: kila kinywaji mstari mmoja nyuma ya karatasi ya oda, na saa pembeni. Ni jambo dogo, lakini limeniokoa mara nyingi kuliko macho yangu.

Halafu kuna jambo ambalo wazazi huniuliza kwa sauti ya chini. Ndiyo, wahudumu wa kike husumbuliwa. Wa kiume pia, ila wasichana zaidi. Mkono unaowekwa kiunoni wakati unaandika oda, utani wa mwili wako meza nzima ikicheka, mtu anayekusubiri nje baada ya zamu akisema anataka tu kukupa lifti. Pombe inavyozidi kichwani ndivyo mikono inavyopoteza adabu. Watunga sheria wa Iowa walilijua hili: sheria yao inataka ruhusa ya maandishi ya mzazi, wafanyakazi wawili watu wazima wawepo, na kijana apewe mafunzo ya kuzuia unyanyasaji wa kijinsia. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa nikaitazama. Mtoto anaandaliwa kupambana na jambo ambalo sisi wakubwa tumeshajua kwamba litamkuta.

Wenzao nao ni mtihani. Kijana akishajulikana kwamba anapeleka bia, marafiki zake wa shule watakuja kukaa kwenye meza zake. Hawatakuwa na vitambulisho, au watakuwa na vya kaka zao. Mtu mzima humkazia macho mtoto wa mwenzake na kumwambia aonyeshe kitambulisho. Wa miaka 16 akimfanyia hivyo rafiki yake, kesho shuleni ataitwa msaliti. Na kuna glasi zinazorudi jikoni zikiwa hazijamalizika. Nimewakuta vijana wawili nyuma ya sinki wakimalizia mabaki ya mvinyo, wakicheka, wala si watoto wabaya hata kidogo. Pombe ilikuwa mkononi mwao usiku kucha na hakuna aliyekuwa akiwatazama.

Nchi nyingine zimejaribu njia ya kati. Huko England na Wales, chini ya Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, muuzaji akiwa chini ya miaka 18 ni lazima mtu mzima mwenye dhamana aidhinishe kila uuzaji mmoja mmoja, ingawa kinywaji kinachouzwa pamoja na mlo wa mezani hakiguswi na sharti hilo. Sehemu ya kwanza naipenda sana. Ya pili inanitia wasiwasi, maana yule mteja wangu wa pombe kali sita alikuwa na sahani ya nyama mbele yake. Nao Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka miaka 18 kwa kazi inayoweza kuhatarisha afya, usalama au maadili ya kijana. Unaruhusu kushuka hadi 16 iwapo tu kijana analindwa kikamilifu na amefundishwa ipasavyo kazi hiyo. Kwenye karatasi aliyonitumia wifi hapakuwa na neno hata moja kuhusu mafunzo.

Nilipokuwa msimamizi nilikuwa na vijana wa chini ya miaka 18 kwenye zamu zangu, na niliwapenda kama wadogo zangu. Walibeba chakula, walifuta meza, walipokea wageni mlangoni. Oda ya pombe hawakuichukua, na chupa hawakuigusa. Glasi zilizotumika zilikusanywa na watu wazima. Mteja akimwomba mmoja wao bia, alikuwa na sentensi moja tu ya kusema: "Namwita msimamizi." Hakutakiwa kueleza wala kuomba radhi. Mwenye biashara alinung'unika kwamba huduma inachelewa, na ni kweli ilichelewa, dakika tatu au nne usiku wenye watu wengi. Nilimwambia niko tayari kuzitolea maelezo dakika hizo kwa mteja yeyote.

Kama wewe ni mwajiri na sheria ya kwenu imeshashushwa, nakuomba jambo moja kuliko yote: uamuzi wa kumkatalia mteja usiuweke juu ya mtoto. Mpe mtu mzima mmoja kila zamu, umtaje kwa jina, na wote wajue kwamba akishasema imetosha hata wewe mwenyewe huwezi kumpindua. Meneja wangu aliyesema "mpe, usimuudhi" hakuwa katili. Alikuwa ameachiwa aamue peke yake kati ya mauzo na usalama, na mauzo ndiyo aliyoulizwa kila asubuhi. Bakshishi nayo iwekwe kwenye chungu kimoja mgawane, ili anayemnyima mtu pombe asipoteze chakula chake usiku huo.

Kwa kijana ambaye tayari yuko kwenye kazi hii: hesabu vinywaji usitegemee sura ya mtu. Kitambulisho kishike mkononi, angalia mwaka wa kuzaliwa kwanza, kisha picha, kisha mwulize tarehe yake ya kuzaliwa huku ukimtazama. Mtu akikugusa, ondoka mezani hapo hapo hata kama oda haijakamilika, na umwambie msimamizi mbele ya shahidi. Usikubali lifti ya mteja, awe mpole namna gani. Na ukilazimishwa kumpelekea mtu aliyelewa, andika siku, saa na nani aliyekuamuru. Sehemu nyingi kumuuzia mlevi ni kosa la kisheria, na anayetafutwa kwanza ni yule aliyepeleka glasi.

Wifi nilimwandikia maswali manne apeleke kwa mwajiri kabla hajagusa kalamu. Nani atamfundisha binti, kwa siku ngapi, kabla ya kumkabidhi trei? Nani kwenye zamu yake ndiye mwenye kauli ya mwisho ya kumkatalia mteja? Mteja akimsumbua, nini kitatokea usiku ule ule, siyo wiki ijayo? Na zamu ikiisha usiku, anafikaje nyumbani?

Alikwenda Jumanne. La usafiri walisema wazazi wajipange. La kumkatalia mteja walisema kuna meneja, ila huondoka mapema baadhi ya siku. La mafunzo walisema atajifunza akiwa kazini. La usumbufu walisema wateja wao ni watu wazuri.

Hakuweka saini. Binti amebaki na sahani zake, na mpishi amekubali kumfundisha kuandaa saladi, kwa muda wa saa mbili kila Jumamosi. Alinikasirikia siku mbili nzima, hakupokea simu yangu. Siku ya tatu alipokea akaniambia kilichomuuma: wenzake wawili, wa umri wake, karatasi zao zilishawekwa saini na wameanza. Nimemwomba wifi anitafutie namba za mama zao.