Re: Probaiotiki kwenye chakula, mbona samaki bado wanavimba?

Habari ndugu. Umesema umewapa samaki wako wa dhahabu probaiotiki (bakteria wazuri wa tumbo) kwa wiki tatu hapo Kisumu, na bado wanavimba tumbo, kinyesi kinaning'inia cheupe kama uzi.

Anza na maji. Pima amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki), ikionekana hata kidogo, badilisha robo ya maji, na ya mfereji uyatoe klorini kwanza. Halafu, uliwapa antibiotiki? Dawa hiyo huua hata bakteria wazuri. Nilipoteza wanne hapa Nakuru kwa kuchanganya antibiotiki na probaiotiki, na bado naumia.

Mimi natumia probaiotiki ya bakteria aina ya Basilasi, kwa kuwa spora zake (hali yake ya kulala, yenye ganda gumu) huvumilia ukavu. Punje za chakula nazipaka mafuta kidogo, nanyunyizia unga wa probaiotiki, nageuza mpaka zing'ae, nalisha siku hiyohiyo. Aliyesimama magamba mtenge leo, probaiotiki haitamponya.