Kukimbia Jumamosi Tu Hakushushi Presha

Msomaji mmoja wa Mbagala ameuliza hivi: ana miaka 40, kila Jumamosi anakimbia na kikundi chake cha jogging kwa dakika 50, anarudi hoi. Jumatatu akipima presha, mashine inasoma 148 kwa 94 kama zamani. Miezi minne sasa. Je, hizi habari za mazoezi na moyo ni porojo?

Si porojo, ila dozi imekosewa. Ukishakimbia, mishipa ya damu hubaki imelegea na presha hukaa chini kwa saa kadhaa, pengine karibu siku nzima. Misuli nayo huendelea kuvuta sukari kutoka kwenye damu kwa siku moja hadi mbili. Kwa hiyo faida ya Jumamosi, ikifika Jumatatu, imeshaliwa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali. Dakika zako 50, hata tukizihesabu zote kuwa za mwendo mkali, hazijafika. Zigawe: dakika 30, siku tano, na usipitishe siku mbili mfululizo umekaa tu.

Sasa hilo neno "hoi". Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa sababu wanadhani zoezi lisilokukata pumzi si zoezi. Mwendo wa wastani unajulikana kwa mdomo: unaweza kusema sentensi nzima, lakini kuimba wimbo mzima kunakushinda. Mchakamchaka umejengwa juu ya jambo hilohilo. Mwimbishaji anatoa mstari, wengine wanaitikia neno moja au mawili, na pumzi inatosha kuitikia huku miguu ikienda. Nyimbo zikikatika, ujue watu wameanza kushindana. Kuanzia hapo misuli inaishiwa hewa ya kutosha, mapaja yanachoma, na siku ya pili huwezi kushuka ngazi, achilia mbali kurudi barabarani.

Anayependa namba, atoe umri wake kwenye 220. Kwa miaka 40 inabaki 180, ambayo ni makadirio ya mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika. Mwendo wa wastani uko kati ya mapigo 115 na 135 hivi. Simama, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu kwa sekunde 15: upate 29 hadi 34. Hesabu mara tu unaposimama, maana mapigo hushuka haraka. Lakini kama unameza atenolol au propranolol, achana na hesabu hii. Dawa hizo huzuia moyo kwenda mbio. Utakimbilia namba usiyoweza kuifikia hadi uanguke. Tumia kipimo cha mdomo.

Kinachobadilika ndani ni hiki. Chumba cha kushoto cha moyo hujaa damu zaidi na kusukuma nyingi kwa pigo moja, ndiyo maana mapigo ya mtu aliyepumzika hupungua wiki baada ya wiki. Kuta za mishipa hujifunza kutanuka. Misuli inayofanya kazi hupokea sukari hata pale insulini inapokuwa dhaifu, na kwa mwenye kisukari hiyo ni faida kubwa hata kama kilo hazijapungua.

Tena kuhusu kilo tusidanganyane. Mtu wa kilo 70 akitembea haraka nusu saa anachoma kalori 120 hadi 150. Soda moja ya mililita 350 inazirudisha zote. Na wale wanaojifunga nailoni tumboni ili kitambi kitoe jasho: kinachotoka ni maji, yatarudi ukinywa glasi mbili. Kwa joto la Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu na jasho halikauki, nailoni inakupika mwili.

Kuanza upya kuwe hivi. Tembea polepole dakika 5. Kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara saba. Malizia kwa kutembea dakika 5. Ukisimama ghafla damu hubaki miguuni na kizunguzungu kinakushika. Wiki inayofuata kimbia dakika 2, tembea 2, mara tano. Usiongeze kasi na muda katika wiki moja. Magoti yakigoma, kutembea hatua 100 au zaidi kwa dakika kunatosha kabisa kwa presha, wala usione aibu.

Kichomi hutokana mara nyingi na kula karibu na zoezi au kuanza kwa fujo: punguza mwendo, pumua nje kwa nguvu, kitaachia. Maumivu ya ugoko ni raba iliyolika, lami na hatua ndefu zinazotua kwa kisigino. Fupisha hatua, hamia kwenye udongo. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenclamide apime sukari kwanza: ikiwa chini ya 5 (mmol/L), ale ndizi mbivu, na abebe pipi mfukoni. Maumivu ya kifua yanayopanda taya au mkono hayasubiri kesho, ni hospitali saa hiyohiyo. Na mwenye presha ya 180 kwa 110 aonane na daktari kabla ya kufunga kamba za viatu.

Kwa wiki nane hadi kumi na mbili za mpango huu, namba ya juu hushuka kwa 5 hadi 8 hivi kwa wenye presha. Hiyo inakaribia kazi ya kidonge kimoja, lakini kidonge usikiache mwenyewe. Pima asubuhi kabla ya chai, umekaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, bila maongezi. Andika kwenye daftari, kisha linganisha wastani wa wiki ya kwanza na wa wiki ya kumi na mbili. Jumatatu moja isikutie wazimu.